Roho Haikai Ndani ya Valvu

"Buda, hiyo ni kompyuta. Haina roho."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi sana, lakini ya mwisho ndiyo yaliyonikaa kooni. Ilikuwa Nairobi, nyuma ya jukwaa. Jamaa mmoja, mpiga gitaa kama mimi, aliangalia kisanduku changu pale sakafuni, akaangalia nyuma yangu kutafuta amplifaya, akaikosa, akatingisha kichwa kama mtu aliyemwona jirani akimwandalia mgeni ugali wa jana. Yeye alikuwa na amplifaya ya valvu. Ilikuja kwa gari lake, ikabebwa na watu wawili. Mimi nilikuja kwa matatu, kisanduku kikiwa kwenye begi la mgongoni pamoja na shati la kubadilisha.

Sikumjibu usiku huo. Nilikuwa na nyimbo za kupiga na gari la Machakos la kuwahi. Leo nina muda, na najua si yeye peke yake. Huu wimbo wa "valvu ndiyo roho, modela ni feki" umeingia kwa vijana wengi wanaoanza gitaa. Kuna dogo hapa kwetu amekaa miaka miwili bila kupiga mbele ya watu kwa sababu anaweka akiba ya amplifaya ya valvu. Miaka miwili! Ana vidole vizuri kuliko vyangu. Kwa ajili ya huyo dogo, naandika.

Mimi natoka Wamunyu. Kama hupajui, chukua barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, utapita Mwala, na ukianza kuona vibanda vya vinyago, ndovu na twiga wa mbao wamepangwa kama wanangoja basi, umefika. Kuchonga ndiyo kazi iliyotupa jina. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge, mtu wa hapa, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akajifunza kuchonga kutoka kwa Wazaramo, akarudi na ufundi huo nyumbani. Leo hii ukiingia duka la zawadi Nairobi au Mombasa ukanunua kifaru cha mbao, huenda mkono uliokichonga ni wa Mkamba, na huenda Mkamba huyo ana damu ya Wamunyu.

Baba yangu alikuwa mchongaji. Nimekulia kwenye vumbi la mbao na sauti ya tezo. Kwa hiyo mtu akiniambia habari za kifaa na roho, ananiambia jambo ambalo kwetu lilijadiliwa kabla sijajua gitaa ni nini.

Zamani wachongaji walipenda mpingo na muhugu. Mbao ngumu, nzito, inayong'aa ikipigwa msasa. Lakini miti hiyo hukua polepole mno, na watu walikata kuliko msitu ulivyoweza kurudisha. Ikaisha karibu, ikawa ya kufuatwa mbali, bei ikapanda. Miaka ya 1990 kukaja kampeni ya kuwashawishi wachongaji na wanunuzi wahamie kwenye mbao za miti inayokua haraka: mwarobaini, mwembe, jakaranda. Wazee wengine wakakataa. Jakaranda ni laini, walisema. Jakaranda hupasuka. Jakaranda ni mti wa kupamba barabara za mjini, utachongaje kitu cha heshima?

Baba alichonga jakaranda. Alijifunza upya: uikaushe vipi isipasuke, uikate ikiwa mbichi kiasi gani, tezo ipite kwa pembe ipi. Ndovu wake aliendelea kuwa ndovu wake. Ungemtambua katikati ya ndovu mia kwa jinsi alivyoinua sikio moja. Na jirani yetu aliyekuwa na gogo la mwisho la mpingo kijijini, aliyelitunza chini ya kitanda kama hati ya shamba, alichonga ndovu mbaya. Mpingo haukumsaidia. Ndovu mbaya wa mpingo ni ndovu mbaya mwenye bei.

Sasa turudi kwenye gitaa.

Tuelewane kwanza tunaongea kuhusu nini, kwa sababu wengi wanaotetea valvu hawajawahi kuuliza inafanya nini. Gitaa la umeme likipigwa hutoa umeme mdogo sana, hauwezi kusukuma spika. Lazima ukuzwe. Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa, na ndani yake kuna waya unaopashwa moto mpaka elektroni ziruke kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kati yao kuna kijivu cha waya ambacho umeme mdogo wa gitaa hukitumia kama lango: ukifungua kidogo, upande wa pili hupita mwingi. John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza mwaka 1904, Lee de Forest akaongeza lango hilo mwaka 1906, na kwa muda mrefu redio na simu za dunia ziliishi kwa chupa hizo. Kisha mwaka 1947 transista ikazaliwa kule Bell Labs, Marekani, na polepole valvu ikafukuzwa karibu kila mahali.

Wapiga gitaa ndio waliokataa kuiacha. Na hapa nitasema ukweli bila kupindisha: walikuwa na sababu. Valvu ikilemewa haivunji sauti ghafla kama transista nyingi za wakati ule. Inaikunja. Kingo za sauti zinaviringika, kunaongezeka utamu fulani, na ukipiga kwa nguvu inakujibu kwa nguvu, ukipiga taratibu inatulia. Ni kama kuongea na mtu anayekusikiliza. Niliwahi kusimama mbele ya Fender Twin Reverb iliyofunguliwa sawasawa, suruali ikatikiswa na upepo wa spika. Sitamdanganya mtu kwamba haikuwa raha.

Modela ni kitu kingine. Ni kompyuta ndogo inayojifanya amplifaya. Inapima umeme wa gitaa lako makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, inaugeuza kuwa namba, inapiga hesabu ya vile amplifaya fulani ingefanya, kisha inarudisha sauti. Line 6 walipotoa POD mwaka 1998, kile chekundu chenye umbo la haragwe, wengi walicheka, na baadhi ya sauti zake kweli zilikuwa kama nyuki ndani ya mkebe. Lakini hiyo ilikuwa 1998. Simu yako ya 1998 ilikuwa na nini? Hesabu zimekua. Nimefanya mchezo huu na wenzangu: mmoja anakaa nyuma ya pazia, anabadilisha kati ya valvu na modela, sisi tunabahatisha. Tulikosa mara nyingi kiasi kwamba aliyekuwa na domo kubwa zaidi alisema pazia ndilo lililokuwa na shida.

Hata Fender wenyewe, waliotengeneza Twin Reverb tangu mwaka 1963, walitoa mwaka 2019 ile waliyoiita Tone Master. Kwa nje ni Twin ileile, ngozi nyeusi, vitufe vilevile. Ndani hakuna valvu hata moja. Uzito ulishuka kutoka karibu kilo 30 hadi karibu 15. Baba angecheka. Wachongaji wanajua mchezo huo: chukua jakaranda, ipake rangi ya viatu nyeusi, mtalii ataondoka akijua amenunua mpingo.

Lakini mimi sikuacha valvu kwa sababu ya pazia. Niliiacha kwa sababu ya harusi.

Mjomba wangu anaishi Marekani. Miaka kadhaa iliyopita alinitumia amplifaya ya valvu iliyotumika, ndani ya kreti, zawadi ya kuniambia kwamba ananiamini. Nililia, sikufichi. Tatizo ni kwamba Marekani stima ni volti 120, na hapa ni 240. Kwa hiyo ikanunuliwa transfoma ya kushusha umeme, dude la chuma lenye uzito wa mtoto wa darasa la kwanza. Kila nikienda kazini: gitaa, amplifaya, transfoma, waya. Nduthi haikubali. Matatu inakulipisha viti viwili. Nikitoa nauli ya mzigo kwenye malipo ya usiku, nilikuwa nabaki na doo ya chai na mandazi.

Harusi ilikuwa upande wa Kitui, stima ya jenereta. Jenereta ikihema, sauti inanyong'onyea. Ikipata nguvu, valvu zinawaka kama macho ya paka. Katikati ya mapumziko, kijana mmoja wa kusaidia alitaka mahali pa kuchajia simu. Akachomoa transfoma yangu, akaona waya wa amplifaya umebaki unaning'inia, akaona huruma, akauchomeka moja kwa moja kwenye ile ekstenshani inayokubali plagi za kila aina. Alikuwa anasaidia. Nilirudi nikakuta harufu. Anayejua harufu hiyo anaijua.

Bibi harusi alikuwa ameshasimama kungoja wimbo. Nikachukua waya wa gitaa, nikauingiza kwenye mikisa ya maiki, ileile ya mhubiri, nikapiga. Sauti nyembamba, kavu, bila chochote. Na unajua nini kilitokea? Shosho walicheza. Walicheza mpaka vumbi likapanda hadi kwenye keki. Hakuna aliyekuja kuniuliza, "Mwanangu, ile valvu yako iko wapi?"

Nilimpelekea fundi mmoja. Alikuwa fundi mzuri wa redio, lakini ndani ya amplifaya ya valvu kuna volti mia kadhaa, na kapasita huweza kushika chaji hata baada ya kuchomoa. Bisibisi iliruka kutoka mkononi mwake ikagonga ukuta. Akanirudishia akisema kwa upole kwamba ana watoto. Transfoma ya ndani ilikuwa imeungua, na ya kubadilisha ilikuwa ije kutoka nje kwa bei iliyozidi nilichopata kwa gitaa kwa miezi mitatu. Amplifaya ya mjomba ipo mpaka leo. Kuku hulala juu yake.

Mtu wa Nairobi ataniambia: hiyo ni ajali, na ingekuwa ya volti 240 isingetokea. Sawa. Basi tuongee kuhusu hali ya kawaida, siku ambayo hakuna aliyechomoa chochote. Valvu huchakaa, ni kama matairi. Za kubadilisha hutoka katika viwanda vichache tu duniani, hasa Urusi, Slovakia na China. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, Urusi ilizuia usafirishaji wa bidhaa nyingi, valvu zikiwemo kwa muda, na bei zikaruka hata Marekani ambako maduka yamejaa. Sasa niambie mpiga gitaa wa Wamunyu amesimama wapi kwenye foleni hiyo. Kumwambia kijana kwamba roho ya muziki wake imefungwa ndani ya chupa ya kioo kutoka Saratov, iliyowekwa kwenye sanduku la zaidi ya dola 1,500, si ushauri wa muziki. Ni njia ya heshima ya kumwambia akae nyumbani.

Na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia hasa. Roho ya nani tunayoitetea?

Sikiliza benga ya Kikamba. Weka Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers. Weka Peter Mwambi na Kyanganga Boys. Weka Onesmus Musyoki na Kalambya Boys, au Kalambya Sisters na "Katelina" yao. Gitaa liko wapi? Liko juu, safi, jembamba kama sindano. Mwimbaji akimaliza mstari, gitaa linaurudia kama mtu anayemkubalia mwenzake. Lingine linazunguka chini yake bila kuchoka, besi inaruka. Hakuna mkwaruzo. Ile sauti iliyokunjwa ya valvu iliyolemewa, ambayo watu wanapigania mpaka kutukanana, haimo. Ni sauti ya bluzi na roki ya wengine, ya Chicago na London, nzuri sana, lakini si hiyo iliyowatoa shosho kwenye viti Kitui.

Nimekaa na wazee waliopiga miaka hiyo. Wakisimulia, hawasimulii aina ya amplifaya. Wanasimulia nani aliazima gitaa la nani. Wanasimulia nyuzi zilizotengenezwa kwa waya wa breki ya baiskeli. Wanasimulia kusafiri usiku juu ya magunia ya mahindi kwenda kurekodi River Road. Walipiga kwa chochote kilichokuwepo: cha valvu kikiwepo, cha transista kikiwepo, spika ya kanisa ikibidi. Vidole ndivyo vilivyobaki vilevile. Kama roho ingekuwa ndani ya kifaa, muziki wetu ungekuwa na roho ishirini tofauti kwa mwaka.

Sasa, nyinyi wa modela mnaopiga makofi huko nyuma, tulieni kidogo. Zamu yenu imefika.

Nilinunua modela yangu ya mtumba nikaifungua kwa shauku. Sauti zaidi ya mia mbili zilizopangwa tayari. Kuna ya California, kuna ya Uingereza ya miaka ya sitini, kuna ya chuma kizito cha Skandinavia. Nikatafuta Nairobi. Nikatafuta Kinshasa. Nikatafuta chochote ambacho mtu aliyekulia upande huu wa dunia angekiita nyumbani. Hakuna. Sanduku linalojigamba kwamba lina amplifaya zote za dunia lina dunia ya nchi mbili tatu. Wengi wetu tunachukua sauti namba moja, tunaipiga ilivyo, halafu tunashangaa kwa nini benga yetu inasikika kama tangazo la gari.

Shida ya pili ni kwamba chaguo likizidi, kazi hupungua. Nawajua vijana wenye sauti mia tatu na hawana nyimbo tatu. Jioni nzima inaishia kwenye kuzungusha vitufe.

Shida ya tatu, na hii watetezi wa valvu wako sawa kabisa, ni kwamba modela ikifa imekufa. Amplifaya ya valvu ya mwaka 1965 inaweza kufufuliwa leo na fundi mwenye chuma cha kulehemu risasi na subira, mradi sehemu zipatikane. Modela ikiungua bodi, hakuna fundi wa jua kali atakayeifungua akaelewa. Kampuni ikiamua kuacha kuitolea masasisho, unabaki na tofali lenye taa. Tumehama kutoka kwa bwana mmoja wa mbali kwenda kwa mwingine. Sitaki kujifanya siyaoni hayo.

Lakini bado nachagua modela, na sababu yangu kubwa haina uhusiano na sauti. Inahusu nani anapata kazi.

Wakati sisi tunabishana valvu au namba, nani amechukua harusi zetu? Kibodi. Mtu mmoja, kibodi moja, ngoma tayari zimo ndani, besi tayari imo ndani. Anakuja kwa nduthi, anachomeka, anaimba, analipwa, anaondoka. Kule kwa Wakikuyu mpiga gitaa mmoja anabeba mugithi nzima peke yake. Mwenye sherehe anapiga hesabu: bendi ya watu watano wenye mzigo wa pikapu nzima, au mtu mmoja na begi? Simlaumu. Karo ya shule haijui benga.

Bendi ya magitaa ikitaka kubaki hai, lazima iwe nyepesi. Bendi yetu ni watu wanne. Modela mbili, moja ya kwangu na moja ya mpiga ridhimu. Besi inaingia moja kwa moja kwenye mikisa. Nduthi mbili zinatubeba sote na vifaa. Modela yangu inakula umeme kidogo. Stima ikipotea, betri ya sola ya nyumbani inaisukuma usiku kucha. Mwaka jana tulipata kazi ambazo miaka ya amplifaya tusingezigusa: matanga, arusi za kijijini ambako gari halifiki mvua ikinyesha, uzinduzi wa kisima. Mahali ambapo kibodi ingekwenda peke yake, gitaa limekwenda. Usiniambie hilo halina roho. Gitaa lililobaki nyumbani kwa sababu amplifaya haibebeki ndilo lisilo na roho.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo lililonifanya nikae chini niandike badala ya kunung'unika tu.

Kuna programu ya bure inayoitwa Neural Amp Modeler. Chanzo chake kiko wazi. Ilianzishwa na Steven Atkinson, na mtu yeyote anaweza kuipakua. Haikupi tu amplifaya za wengine. Inakuruhusu kunasa yako. Unapitisha kwenye amplifaya sauti maalum ya majaribio ya dakika chache, unarekodi kinachotoka, kisha kompyuta inalinganisha kilichoingia na kilichotoka mpaka ijifunze tabia ya amplifaya hiyo. Unachopata mwishoni ni faili dogo kuliko picha ya simu.

Kuna mzee hapa kwetu aliyepiga gitaa la solo kwenye bendi enzi zake. Nilijua ana amplifaya ya zamani. Nilimwendea Jumapili moja na laptopu ya kuazima, maiki moja na kisanduku cha kuingiza sauti kwenye kompyuta. Amplifaya ilikuwa chini ya meza ya sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, televisheni juu yake. Kibao cha jina kilishang'oka. Ndani, valvu nne, moja imefungwa na kipande cha bati. Ilikuwa haijawashwa muda mrefu, na yeye mwenyewe alisema hajui kama ina siku nyingi.

"Unataka kuiba nini humo, mwana wakwa?" akauliza.

"Sauti tu, Mzee. Yenyewe itabaki."

Tulimpa kwanza dakika ishirini ipate joto. Nikaweka maiki mbele ya spika, nikapitisha ile sauti ya majaribio. Ni mlio mbaya sana, unapanda na kushuka, unakwaruza. Kuku wote walikimbilia kwenye shamba la mbaazi. Mjukuu wake alicheka mpaka akakaa chini. Faili lilipokuwa tayari, nikachomeka gitaa kwenye laptopu, nikamvalisha mzee hedifoni, nikampa alipige mwenyewe.

Alipiga polepole, vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi, mistari miwili ya wimbo wa bendi yao. Akanyamaza. Akapiga tena. Akatoa hedifoni.

"Ni yenyewe," akasema. "Na ule mngurumo wa chini upo. Tulizoea kuupiga teke."

Kisha akanirudishia gitaa, akataka nipige mimi asikie kwa spika ya laptopu. Nikapiga. Akaniangalia kwa muda.

"Sauti ni yangu," akasema. "Lakini unakimbia. Nani anakufukuza?"

Nimekuwa nikifanya mazoezi ya kutokimbia tangu siku hiyo.

Wiki chache baadaye valvu moja ya amplifaya yake ilikufa. Hatujaipata ya kubadilisha. Faili lipo kwenye simu yangu, kwenye simu ya mpiga ridhimu, na kwenye simu ya yule dogo anayeweka akiba, ambaye sasa nimemshawishi aache. Anapiga nasi mwezi ujao, kwa sauti ya mzee, kupitia programu ya bure na spika ya kuazima.

Kwa hiyo ndugu yangu wa nyuma ya jukwaa, jibu langu ndilo hili. Kama una valvu na una gari na una watu wa kubeba, piga, nitakuja kusikiliza na nitatikiswa suruali kwa furaha. Lakini usimfundishe mtoto wa mtu kwamba bila hiyo hajawa mwanamuziki. Na wewe mwenye modela, achana na ile ya California angalau wiki moja. Rudi kwenu. Uliza babu yako, mjomba, mzee wa kanisa, mwenye baa ya zamani sokoni: kuna amplifaya chini ya meza ya nani? Iwashe kabla haijafa. Inase. Mpe mwenye nayo gitaa apige kwanza, wewe usikilize.

Halafu muulize unakimbia wapi.